Lindo la Kona Mbaya

Hapo zamani za juzi, palikuwa na nchi iitwayo Shwari. Msianze kutazamana, si nchi yenu; yenu ina mambo yake na mambo hayo yana wenyewe. Shwari ilikuwa mbali sana, nyuma ya milima ambayo wachora ramani hawakuichora kwa sababu siku hiyo walikuwa semina.

Katika nchi hiyo Serikali iliwapenda askari wake kupita kiasi. Iliwapenda hadi ikaunda wizara nzima ya kuwapenda, ikaiita Wizara ya Ulinzi wa Walinzi, na kumkabidhi Mheshimiwa Dakta Zakaria Mwangaluka aiongoze. Huyu alikuwa mtu mwenye huruma ya kuonekana. Aliwahi kububujikwa na machozi mbele ya waandishi wa habari alipoonyeshwa picha ya askari wa barabarani aliyelowa chapachapa. Picha ile akaitia kwenye fremu ya dhahabu, akaitundika ofisini, na kila mgeni aliyeingia alitakiwa kuitazama kwa uchungu kabla ya kuketi. Askari mwenyewe aliendelea kulowa.

Siku moja Mheshimiwa alisimama bungeni, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akatangaza kwamba Serikali imechoka kuzika. "Kuanzia leo," alisema, "ni marufuku kwa askari yeyote wa mstari wa mbele kufa akiwa kazini." Wabunge wakagonga meza hadi vumbi likatimka. Wajane wa askari, walioletwa kwa basi ili wakae kwenye ukumbi wa wageni, nao wakapiga makofi, maana waliambiwa wapige.

Koplo Nyamizi Kasanda aliisikia amri hiyo redioni, akiwa kibandani kwake kwenye kizuizi cha barabarani cha Kona Mbaya. Nyamizi alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama na ulimi ambao ndio uliomkwamisha kwenye ukoplo. Mwenzake alikuwa Konstebo Ntandu, mwanamume mrefu na mpole, aliyetafuna tangawizi mbichi kutwa nzima ili asisinzie.

"Basi tumepona, afande," Ntandu alimwambia. "Limebaki jambo moja tu. Nani atawaambia madereva wa malori?"

Nyamizi alicheka hadi akashika mbavu. Baadaye angekikumbuka kicheko kile na kutamani kukirudisha kooni.

Sasa mjue kwa nini waliongelea malori. Barabara ya Kona Mbaya inashuka mlimani moja kwa moja, na malori ya saruji hushuka nayo breki zikinuka moto. Chini kuna kona kali. Na mara tu baada ya kona, pale ambapo dereva humwona askari wakati kumwona hakumsaidii tena dereva wala askari, ndipo Serikali ilipoweka kizuizi. Juu kidogo, kabla ya kona, pana barabara iliyonyooka ambapo dereva anaweza kumwona hata kuku akivuka. Askari wote waliopita Kona Mbaya waliwahi kuomba kizuizi kisogezwe huko. Wote waliambiwa kwamba wazo lao ni zuri sana na haliwezekani.

Halikuwezekana kwa sababu ya jiwe la msingi. Kizuizi kile kilifunguliwa na Mtukufu Rais mwenyewe, akakata utepe, akaacha jiwe jeupe lenye jina lake lote, nalo lilikuwa jina refu. Kizuizi hakiwezi kwenda mahali bila jiwe lake, na jiwe haliwezi kung'olewa bila kusema kwamba Mtukufu aliliweka mahali pasipofaa. Mtukufu hakuwahi kuweka kitu mahali pasipofaa. Hivyo jiwe lilibaki, na askari wakabaki pembeni ya jiwe.

Na kuna jambo jingine la askari wa Shwari, la tangu enzi za babu zao. Askari hatoki lindoni mpaka apokewe. Saa ikifika, anayekuja husimama mbele ya anayeondoka, hupiga saluti na kusema: "Lindo nimelipokea. Nenda kapumzike." Naye anayeondoka hujibu: "Lindo salama." Bila maneno hayo, hata nyumba yako iwe inaungua, huondoki. Ilikuwa desturi ya watu waliokosa kila kitu isipokuwa kuaminiana, nao waliishika kwa nguvu zote.

* * *

Haikuchukua muda, Wizara ikaandaa Siku ya Ustawi wa Askari. Askari wote wa wilaya waliamriwa kufika uwanjani alfajiri ili watunzwe. Kila lindo liliachiwa mtu mmoja, na Kona Mbaya akaachwa Ntandu. Nyamizi alikuwa ampokee saa sita mchana.

Uwanjani walipewa fulana zilizoandikwa ASKARI KWANZA. Zote zilikuwa za saizi moja, ya mtoto wa darasa la nne, kwa hiyo maneno yalivutika kifuani mwa Nyamizi hadi yakakaribia kukatika. Wakapangwa juani wamsubiri mgeni rasmi. Viti vilikuwapo, vyeupe, vimefungwa utepe kwa nyuma, lakini vilikuwa vya watu waliokuja kuwahurumia. Walioanguka kwa kizunguzungu walibebwa hadi kwenye hema la huduma ya kwanza, wakapigwa picha, kisha wakarudishwa mstarini wakiwa ushahidi kwamba huduma ile inafanya kazi.

Saa sita ilipokaribia, Nyamizi alimfuata mkuu wa kituo, Inspekta Kasikila, akaomba ruhusa ya kwenda kumpokea mwenzake. Kasikila hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na katika Shwari woga ndio uliokuwa ngazi ya kupandia vyeo. Alimjibu kwamba kuondoka kwenye ustawi kabla ustawi haujatolewa ni utovu wa nidhamu. Nyamizi akarudi mstarini. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, na kila ilipopita alimfikiria Ntandu akiutazama mlima na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Mheshimiwa aliwasili jua likianza kupoa. Alisema amesikia kwamba askari wana msongo wa mawazo, na kwamba yeye binafsi amekuja kuuondoa. Akawafundisha kupumua. Vuta, aliwaambia, nao wakavuta. Shika, aliwaambia, nao wakashika. Kisha akakumbuka jambo la kumsifu Mtukufu, akalisema kwa kirefu, na askari wa wilaya nzima wakasimama pale na pumzi zao vifuani wakisubiri ruhusa ya kuzitoa. Wengi wanaamini kwamba ni wakati huo ndipo lori la saruji lilipokosa breki Kona Mbaya.

Nyamizi alifika kwa bodaboda, bado amevaa fulana ile. Mahali pote palikuwa peupe kwa saruji, barabara, majani, paa la kibanda. Kofia ya Ntandu mtu alikuwa ameiokota na kuiweka juu ya jiwe la msingi. Jiwe halikuwa na mkwaruzo, na taarifa ya kwanza kwenda makao makuu ilianza na habari hiyo njema.

* * *

Mke wa Ntandu aliitwa Severina. Nyamizi alimwita wifi, kwa sababu alimhesabu Ntandu kuwa ndugu yake, na ndiye aliyekwenda naye kituoni kuomba mwili ukazikwe.

Inspekta Kasikila aliwakaribisha viti, akaagiza chai, akaanza kutokwa na jasho kabla chai haijafika. Ndipo ilipodhihirika kwamba suala lilikuwa zito. Amri ya Mheshimiwa ilikuwa wazi, askari hafi kazini. Je, Ntandu alikuwa kazini? Alikuwa, kwa kuwa hakuna aliyempokea; akisema hivyo Kasikila alimtazama Nyamizi, na Nyamizi akatazama sakafu. Basi ikiwa alikuwa kazini, hakufa. Na ikiwa hakupokewa mpaka sasa, mpaka sasa yuko kazini. Na mtu aliye kazini, Kasikila aliuliza kwa upole wa kweli, anazikwaje?

"Nimemwona mochwari, afande," Severina alisema. "Nimemfunga kidevu kwa mikono yangu."

"Hatubishani, mama. Amelala, ni kweli. Ila amelala akiwa lindoni, na hilo tutalishughulikia kinidhamu."

Mochwari ikaamriwa isimtoe. Nyumbani kwa Severina wanawake walikaa mkekani, lakini matanga hayakuweza kuanza wala kwisha. Majirani walifika mlangoni wakasita, hawajui waseme pole au waulize habari za baba. Wengine waliona aibu wakapita njia ya nyuma. Severina alikaa na vazi la msiba mikononi bila kulivaa, maana Serikali ilikuwa imemkataza kuwa mjane.

* * *

Nyamizi alirudishwa Kona Mbaya peke yake. Aliuliza mbona kanuni inasema kizuizini wawe wawili. Kasikila akamjibu kwamba wako wawili.

Kilichotangulia kufika ni harufu. Ilikuwa asubuhi ya ukungu na manyunyu, barabara tupu, naye akasikia harufu ya tangawizi mbichi karibu na bega lake. Akadhani ni huzuni, maana huzuni ina pua yake. Kisha malori yakaanza kushuka taratibu. Yalipunguza mwendo kabla ya kona, gia zikilia, yakamfikia yakitambaa. Dereva mmoja alisimama na kumlalamikia kwamba mwenzake wa pale konani angemwua mtu kwa presha, anachomoka ghafla katikati ya barabara, mkono juu.

Nyamizi alimwuliza ni mwenzake yupi.

"Huyo mrefu, afande. Amejaa saruji mwili mzima. Kwani mnajenga?"

Alimwona mwenyewe mchana wa siku hiyo, jua likiwa utosini na hakuna kivuli cha kujifichia. Ntandu alikuwa amesimama konani, amempa mgongo, mweupe kuanzia viatu hadi nywele, mkono mmoja umeinuliwa kuelekea mlimani. Mabega yalikuwa yamelegea. Hakugeuka. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka ambaye hataki kuonekana anamlaumu mkubwa wake: "Saa ngapi sasa, afande?"

Nyamizi aliingia kibandani, akang'ata kola ya shati lake na kulia bila sauti. Alijua la kujibu. Lilikuwa neno la pumzi moja, alilokuwa akilisema miaka yote bila kulifikiria. Hakulisema. Na msidhani aliogopa mzimu. Mtu aliyekaa polisi haogopi kitu kisichopiga simu. Aliogopa kubaki. Tangu Ntandu asimame pale, hakuna lori lililoingia konani kwa kasi. Akimpokea, lindo litakuwa lake, na kona itakuwa yake pia.

Kila mchana Ntandu aliuliza saa, na kila mchana Nyamizi alinyamaza. Aliacha kula chakula cha mchana. Alijichukia kwa unyamavu ule, kisha akanyamaza tena.

* * *

Habari zikafika Wizarani. Mheshimiwa hakushangaa, kiongozi wa Shwari akishangaa huonekana hakupanga. Aliitisha mkutano na waandishi, akawaeleza kwamba kilichotokea Kona Mbaya ni matunda ya sera.

"Tuliahidi ustawi, na ustawi umefika," alisema. "Huyu ndiye askari wa kisasa. Hali, halowi, haumwi, haombi likizo, wala halalamiki kuhusu mahali kizuizi kilipo. Na juu ya yote, ndugu zangu, nalisema hili kwa unyenyekevu mkubwa, hafi."

Ntandu akatangazwa Askari Salama Kuliko Wote wa mwaka. Akapandishwa cheo kuwa sajini, na Nyamizi akaamriwa kumpigia saluti kila akipita. Wataalamu walipelekwa kwenye makaburi ya polisi kuangalia ni nani wengine wanaoweza kurejea kazini. Makoti ya mvua yaliyokuwa yamebaki ghalani yakapewa shule ya chekechea ya watoto wa maofisa, kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitika kwamba askari bora halowi. Inspekta Kasikila naye alimwita Nyamizi akamwonya waziwazi: mtu asithubutu kumpokea Sajini Ntandu. Ni mali ya taifa.

Severina alisikia hayo kama kila mtu alivyoyasikia, redioni. Akaja Kona Mbaya kwa miguu. Alipofika karibu na kona alisimama, akavuta hewa puani, akaketi chini ukingoni mwa lami. Nyamizi alimpelekea maji. Walikaa hivyo hadi sauti ile ikauliza saa.

"Wifi," Severina alisema, "wewe ndiye uliyetakiwa kumpokea."

"Najua."

"Basi mbona bado amesimama?"

Nyamizi alitafuta uongo wa kumpa akakosa. Alimwambia kwamba anaogopa. Akiondoka Ntandu, atasimama yeye Nyamizi, na lori halitajua kwamba zamu imebadilika. Alitegemea laana, na laana ingemfaa. Severina hakumlaani.

"Hata yeye alikuwa anaogopa," alisema. "Asubuhi alikuwa akifunga kamba za viatu, anafungua, anafunga tena. Na mguu wake wa kushoto unamuuma akisimama sana. Hakukwambia?"

Hakuwahi kumwambia. Severina akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka bila kuomba kitu. Nyamizi alibaki akitazama ule mguu wa kushoto kule konani. Ulikuwa umekunjwa kidogo, umepumzishwa nyuma ya mwenzake, na haikuwa imewahi kumjia akilini kwamba wafu nao huumwa miguu.

* * *

Siku ya kumvisha Ntandu nishani, mahema yalifungwa Kona Mbaya, palepale mbele ya jiwe la msingi. Viti vyeupe vilipangwa juu ya lami. Bendi ya polisi ililetwa, na mtu mmoja alikuwa na kazi ya kulipangusa jiwe kwa kitambaa kila dakika. Mtu akauliza kama barabara ingefungwa. Mheshimiwa akacheka. Kufunga barabara kungekuwa kumtilia shaka Sajini Ntandu, ambaye alikuwa kazini, na shughuli nzima ilikuwa ya kuonyesha dunia jinsi kazi yake inavyoaminika.

Severina alikalishwa mbele, akapewa shada la maua ampongeze mumewe. Nyamizi alisimama mstarini kwa buti zilizong'arishwa. Mheshimiwa alihutubia. Alisema kwamba kuna nchi ambazo askari wakifa husahaulika, lakini Shwari haimsahau askari wake, haimwachi, haimruhusu hata kuondoka. Wageni walipiga makofi. Jua lilikuwa utosini.

"Saa ngapi sasa, afande?"

Safari hii ilikuwa sauti ndogo mno. Nyamizi alimtazama Severina, akaona kwamba naye amesikia, maana shada lilikuwa limemwanguka mapajani. Na hapo Nyamizi hakuwa na ujasiri wowote, msije mkamsingizia. Alikuwa na aibu tu, nayo ilikuwa imemfika shingoni. Alitoka mstarini, akapita mbele ya meza kuu, akakata katikati ya bendi hadi konani. Inspekta Kasikila alimwita kwa cheo, kisha kwa jina, kisha akamwita mama. Hakugeuka. Alisimama mbele ya Ntandu, na kwa mara ya kwanza akamwona usoni. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi. Akabana visigino, akapiga saluti.

"Saa sita imepita zamani, ndugu yangu," alisema. "Nimechelewa, unisamehe. Lindo nimelipokea. Nenda kapumzike."

Ntandu aliushusha mkono polepole, akiukunjua kidogokidogo, maana ulikuwa umekauka pale juu. "Lindo salama, afande," alijibu. Kisha akaanza kushuka kandokando ya barabara akichechemea mguu wa kushoto, saruji ikimdondoka mabegani, hadi akapita mbele ya mkewe. Severina alisimama. Sijui waliambiana nini, na kama ningejua nisingewaambia ninyi. Baadaye pakabaki harufu ya tangawizi, nayo ikaisha.

Kasikila alikuwa akipiga kelele kwamba Koplo amefanya nini, lakini hakuna aliyemjibu, kwa sababu kutoka mlimani ilisikika injini.

Nyamizi aliinua mkono. Alihisi joto la mkojo likimshuka ndani ya suruali yake iliyopigwa pasi, lakini mkono aliuinua. Lori lilichomoza konani likilia. Dereva alimwona, akakata usukani, likampita karibu kiasi cha kumvua kofia, likazoa hema na viti. Viti vilikuwa vitupu. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kufika mtaroni, na taifa likapata faraja kujua kwamba afya ya kiongozi wake ni njema. Hakuna aliyekufa. Lori lilikwenda kusimama juu ya jiwe la msingi, na jiwe likasagika likawa kokoto.

* * *

Ninyi wenye akili mtasema, jiwe limevunjika, basi kizuizi sasa kisogezwe. Ndiyo maana hamjawa mawaziri. Tume iliyoundwa iligundua kwamba dereva aligonga jiwe kwa sababu lilikuwa dogo. Likajengwa jingine palepale, kubwa mara mbili, na jina la Mtukufu likarefushwa lienee.

Ikabaki kesi ya Nyamizi. Serikali ilieleza kwamba hadi mchana wa siku ile Sajini Ntandu alikuwa kazini, mzima, na nishani yake iko mezani. Koplo akamwendea, akamtamkia maneno, na tangu hapo sajini hajaonekana. Nani basi aliyemuua? Hoja ilikuwa na nguvu, ila ilikuwa na tundu moja. Ili Nyamizi ashtakiwe kwa kumuua Ntandu, ilibidi Ntandu awe amekufa. Mheshimiwa alilala na tatizo hilo, akaamka akaridhia. Mochwari ikafunguliwa. Inspekta Kasikila alikwenda nyumbani kwa Severina akilia machozi ya kweli, akampa pole ambayo ilikuwa imemkaba koo siku zote hizo.

Nyamizi alipelekwa mazikoni kwa pingu, katikati ya askari wawili. Severina, amevaa vazi lake la msiba, aliwaambia wale askari wamfungue mkono mmoja. Wakafungua. Nyamizi akachota udongo akautupa kaburini, na moyoni mwake alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba alilazimika kuinamisha uso isionekane. Hakuwahi kulala usingizi mzuri kama aliolala usiku ule mahabusu.

Hukumu haikuwa kifungo, kwa sababu Wizara ilikuwa na huruma, nayo ilitaka kwenda kwenye mzizi wa tatizo. Wataalamu walichunguza wakakuta kwamba chanzo cha msiba wote ni kupokezana lindo. Askari alikuwa salama kabisa hadi alipopokewa. Kwa hiyo, kwa ajili ya usalama na ustawi wa askari wa mstari wa mbele, kupokezana kukapigwa marufuku katika nchi yote ya Shwari. Aliyeshika lindo amelishika. Wabunge wakagonga meza. Na wa kwanza kunufaika na sera hiyo akawa Koplo Nyamizi Kasanda, aliyerudishwa Kona Mbaya akiwa na kitanda cha kamba kibandani na hakuna wa kuja kumwambia akapumzike.

Akasimama. Zikaja mvua, zikaisha, zikaja nyingine. Miguu ilivimba hadi akaacha kufunga kamba za buti. Malori yalishuka, naye alijifunza kuruka kando kwa kusikia tu, na kila aliporuka alijua kwamba siku moja miguu itakataa. Madereva walimpita bila salamu. Magari mengine yalipita wakati mkono wake uko juu, kana kwamba hapana mtu pale. Ilifika mahali alianza kujishuku. Alikuwa akijipapasa mashavu na kutazama viganja kama vina saruji.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umekaba kona yote. Alisikia lori linashuka, zito, la saruji kwa mlio wake. Alijaribu kusogea, mguu wa kulia ukakubali, wa kushoto ukagoma. Akainua mkono akafumba macho.

Injini ilibadilika mlio huko juu, kabla ya kona. Gia ikashuka, ikashuka tena. Lori likatokeza katika ukungu likitambaa, likasimama hatua chache kutoka alipo. Dereva akatoa kichwa dirishani, akamkodolea macho.

"Shikamoo, afande," alisema. "Kuna mama huko juu, kasimama peke yake kwenye barabara iliyonyooka, kavaa nguo za msiba, anapunga khanga. Nilijua kichaa. Kaniambia, mbele yako kuna askari, bado mzima, pita polepole."

Akainama zaidi dirishani.

"Ndiye wewe?"

Nyamizi alijitazama mikono. Ilikuwa imelowa, inatetemeka kwa baridi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ndiye mimi."